Gari Lililompita Baba Mkwe

"Anayechelewa kuitika, usimwite mara mbili." Mmeisikia huko jikoni kwa akina mama, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Sogeeni, nafasi ipo. Methali hii imezaliwa gereji, na ilikuwa hivi.

Mbaruku wa Soni alimpenda Zahabu, binti wa Mzee Shekiondo aliyekaa juu kabisa mlimani. Mzee alikuwa na neno moja tu: "Mchumba ambaye gari lake linafika kwangu kwa kusukumwa, arudi nalo." Wawili walikwisharudi, na Soni nzima ilijua.

Basi Mbaruku akapeleka gari lake kwa Fundi Chambiko, aiongezee injini pumzi.

"Njia zipo mbili," fundi akasema. "Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Ukikanyaga mafuta inaitika papo hapo, ila inakula nguvu za injini. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka. Hiyo hula makombo tu, lakini huchelewa kuitika."

"Nifungie inayokula makombo," akasema Mbaruku, mtu ambaye kwake hata paka alijitegemea.

Siku ya posa akapanda mlima na shangazi yake, Bi Mwanahija. Kona ya mwisho, watu wamejaa kutazama, gari likalegea. Mbaruku akakanyaga. Wapi!

"Shukeni msukume!" vijana wakapiga kelele.

Akakanyaga tena, mpaka chini. Ndipo turbo ikaamka. Gari likapiga mluzi, likachomoka, likampita Mzee Shekiondo mlangoni kwake, likawapita na mbuzi, likazama katikati ya migomba.

"Nilisema ufike," mzee akamwambia. "Nani alikutuma upite?"

"Nisamehe baba, lilichelewa kuitika, nikaliita mara mbili."

Wakaketi. Bi Mwanahija akatoa posa kwa adabu zote. Mzee kimya. Akaitazama migomba yake iliyolala, akazidi kunyamaza. Mbaruku, majani bado kichwani, akafungua kinywa amkumbushe. Shangazi akamfinya paja.

"We! Tumeshamwita huyu," akamnong'oneza. "Unataka na yeye atupeleke migombani?"

Mbaruku akaufunga mdomo. Kahawa ikapoa vikombeni. Hatimaye mzee akakohoa.

"Haya. Migomba utaipanda upya. Na binti yangu umchukue."

Ndiyo hivyo, wanangu. Anayechelewa kuitika, usimwite mara mbili.