Foleni ya Gemu Moja

Wewe unayesikiliza, umewahi kusogeza ndoo ya mtu kwenye foleni ya maji? Usijibu upesi. Tazama kwanza nani amekaa karibu nawe.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuposa, ni zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshajaa mifukoni na maji yakiwa bado hayajajaa bombani, palikuwa na mji mdogo huko Upareni, juu mlimani, wenye sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Ndoo ikishawekwa kwenye foleni, mwenye ndoo yupo. Anaweza kwenda shamba, anaweza kwenda msibani, anaweza kwenda kujifungua. Ndoo yake inasimama badala yake, na hakuna mkono unaoigusa. Watu wa mji ule waliibiana kuku, waliibiana mipaka ya mashamba, na wapo walioibiana waume. Ndoo, hapana.

Katika mji huo aliishi Nakijwa. Alikuwa amemaliza chuo kikuu miaka miwili nyuma, na kazi aliyoipata ni kusubiri kazi. Katika kusubiri huko akapata kitu kingine cha kusubiri: gemu mpya ya mkononi, kimashine cha kuchezea chenye kioo na vitufe, ambayo kampuni moja ya ng'ambo ilitangaza kwamba inaitengeneza. Kwa miezi kumi na minne aliifuatilia kama watu wanavyofuatilia mimba ya jirani. Alijua upana wa kioo chake. Alijua betri yake itadumu saa ngapi. Siku tarehe ya kutoka ilipoahirishwa alishindwa kula, na majirani wakasema mchumba kamwacha.

Aliishi na kaka yake, Elirehema, na shangazi yao, Nambua. Elirehema alikuwa fundi seremala mpaka msumeno wa umeme ulipompitia vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vidole vilishonwa, vikapona, vikakataa kukunja. Daktari alimwambia avipe kazi ndogondogo kila siku, kukunja na kubonyeza, kukunja na kubonyeza, akampa na mpira wa kuminya. Elirehema aliuminya wiki moja, akautupa shambani.

"Siwezi kuminya mpira mpaka nazeeka," alisema.

Hapo ndipo Nakijwa alipopata sababu.

"Kaka, hii gemu ni vitufe vitupu. Ukicheza saa moja umeshabonyeza mara elfu. Ni dawa hiyo."

"Dawa yangu au yako?"

"Yako, kaka. Mimi nina ugonjwa gani?"

Aliyasema vizuri sana, mpaka mwenyewe karibu ayaamini. Elirehema akauza ule msumeno uliomkata. Akampa dada yake fedha yote pamoja na kitambulisho chake, akamwambia, "Usirudi bila hicho kitu."

Sasa, mbele ya bomba la mji palikuwa na duka la Bwana Mfinanga, muuza redio, simu na betri za sola. Bwana Mfinanga alitangaza kwamba wakala wake amempangia gemu moja tu. Oda ataiandika Jumapili saa nane mchana, na wa kwanza kwenye foleni ndiye atakayeandikwa.

"Moja kwa mji mzima?" watu wakamuuliza.

"Hata hiyo moja nimebembeleza kama naposa."

Basi watu wakafanya kile wanachojua kufanya. Wakapanga ndoo mbele ya duka la redio.

Jumapili hiyo Nakijwa alitoka kukiwa bado kijivu, ukungu umelalia migomba. Alifika akijua atakuwa wa kwanza. Akakuta dumu la njano limekaa mlangoni kabisa, limeegemea mbao. Alilijua. Mfuniko wake ulikuwa gunzi la mahindi. Lilikuwa dumu la Mkunde, binti wa mashine ya kusaga. Mkunde aliliweka, akaenda kazini, kwa sababu mashine haina Jumapili. Ndivyo sheria ilivyomruhusu.

Nakijwa akaweka ndoo yake nyuma ya dumu, kama mtu mwema. Akakaa. Akapiga hesabu: wa kwanza gemu, wa pili hewa. Akasimama. Akatazama juu barabarani, akatazama chini barabarani. Akalishika dumu, akalirudisha hatua moja nyuma. Akaivuta ndoo yake hatua moja mbele. Kazi ya pumzi mbili. Radi haikupiga.

Pale dumu lilipokuwa, palibaki duara la unyevu kwenye vumbi, maana lilikuwa linavuja kidogo.

Haujapita muda, Shangazi Nambua akafika na kigoda na khanga mbili mabegani. Ndoo yenyewe haikuhitaji mlinzi, lakini habari za gemu zilikuwa zimeshafika tambarare, na watu wa tambarare hawaijui sheria ya ndoo. Shangazi akaliona lile duara. Akalitazama dumu. Akamtazama Nakijwa. Kisha akatua kigoda chake, akakaa, akalisugua duara kwa kisigino cha ndala mpaka likawa vumbi kama vumbi jingine.

"Baridi ya leo, mwanangu," akasema.

"Kweli, shangazi."

Shangazi akavuta khanga moja, akajifunika magoti.

Saa nane kasoro Mkunde akaja mbio kutoka mashineni, nyusi nyeupe kwa unga, fedha yake ya oda imefungwa kwenye ncha ya khanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Njema." Akalitazama dumu lake. Akaitazama ndoo iliyo mbele yake. "Dada Nakijwa, hivi mimi sikuwa wa kwanza?"

"Ulikuja na giza," Nakijwa akajibu. "Labda hukuiona ndoo yangu."

Mtu wa mji mwingine angepiga kelele mpaka polisi waje. Mkunde hakupiga. Ndoo haisogezwi, tangu azaliwe hakuwahi kusikia ndoo iliyosogezwa. Kama ndoo haisogezwi, basi kilichosogea ni kitu ndani ya kichwa chake.

"Labda," akasema polepole. "Bibi yangu naye alianza hivihivi."

Wote pale walimjua bibi yake. Alianza kwa kusahau alipoweka sufuria, akamalizia kwa kumkimbia mwanawe mwenyewe akidhani ni mwizi. Walimzika mwaka uliotangulia.

Bwana Mfinanga akafungua mlango, akaandika oda kwa jina la Elirehema, akapokea fedha. Watu wakachukua ndoo zao, wakavuka barabara kwenda bombani, maana siku haikupaswa kupotea bure.

Gemu ilichelewa miezi mitatu. Katika miezi hiyo Nakijwa alipeleka mahindi mashineni kila wiki, na kila wiki alimkuta Mkunde amezidi. Kwanza Mkunde alianza kuandika kiganjani jina la kila mwenye gunia. Kisha akawa anamuuliza mtu mara mbili: umenipa debe moja au mawili? Kisha mara tatu. Wanawake wakaanza kucheka.

"Mkunde, mama, hata jina langu nikuandikie?"

"Niandikie tu, mama Shose. Siku hizi sijiamini."

Wiki ya kumi alimwambia Nakijwa, huku akifuta vumbi la unga kwenye mizani, "Nimemwambia tajiri ukweli. Nimemwambia kichwa changu kimeanza. Ule mkanda wa mashine hausamehe mtu anayesahau amesimama wapi. Amesema mwezi ukiisha nikapumzike nyumbani."

"Pole," Nakijwa akasema.

Neno fupi hilo, na linatoka bila kuuma ulimi. Nakijwa alibeba unga wake, akafika nyumbani, akafungua simu kusoma tena habari za gemu. Alisoma ukurasa uleule mara nne. Kwa mara ya kwanza hakukumbuka betri ilikuwa ya saa ngapi.

Hatimaye ikaja. Boksi jeupe, dogo kuliko mkate. Wote watatu walikwenda dukani, na Bwana Mfinanga akaliweka juu ya meza, akalifungua wahakikishe, akatoa kalamu.

"Asaini mmoja. Oda iliandikwa kwa kitambulisho tu. Gemu yenyewe ni ya atakayesaini hapa. Ikiharibika, namjua huyo, wengine siwajui. Kwa hiyo, mwenye mali nani?"

Walitazamana. Cha ajabu ni kwamba katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Elirehema akasema, "Mimi. Nimeuza msumeno wangu. Mnajua fundi akiuza msumeno ameuza nini? Na mkono ni wangu, na dawa ni yangu, ndivyo nilivyoambiwa. Bila mimi mngekuwa mmeshika nini?"

Nakijwa akasema, "Mimi. Nani aliyejua kwamba kitu hiki kipo duniani? Miezi kumi na minne, kaka! Wewe ulikuwa unaiita redio. Mimi nimejua siku, nimejua duka, nimewahi foleni. Bila mimi mngekuwa mmeshika nini?"

Shangazi Nambua akakohoa, akajifunga khanga upya.

"Na mimi je?"

"Shangazi, wewe utaifanyia nini?"

"Nitaifanyia nini? Nitaicheza! Mlidhani nilikaa juu ya kigoda tangu asubuhi hadi saa nane, magoti haya, kwa kuwapenda ninyi? Ile gemu ya kupanga matofali kwenye simu yako niliimaliza zamani, Nakijwa, ndiyo maana chaji ilikuwa inaisha. Walipanda watu watatu wa tambarare siku ile wakataka kuruka foleni, nikawaondoa kwa mdomo huuhuu. Bila mimi mngekuwa mmeshika nini?"

Bwana Mfinanga akacheka mpaka akavua miwani. Hata Elirehema akatabasamu, na hakuwa mtu wa kutabasamu tangu ajali.

Mkunde akaingia katikati ya kicheko hicho. Alikuwa hana unga usoni. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi.

"Nimesikia imefika," akasema. "Bwana Mfinanga, ya pili haikuja?"

"Haikuja, binti. Na sidhani kama itakuja."

"Haya. Naweza kuishika tu?"

Elirehema akampa. Mkunde akaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikakaa penyewe mahali pake, kama vidole vya mtu anayejua. Nakijwa aliona hilo.

"Wewe ulikuwa unaitakia nini hasa?" Shangazi akamuuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Nicheze. Basi."

Hakuwa na mkono mbovu wa kuusingizia, wala ndugu mgonjwa. Alitaka kucheza, akasema anataka kucheza. Akairudisha mezani.

"Usisononeke, Mkunde," Elirehema akasema kwa upole, naye hakujua lolote. "Ulikuwa wa pili. Si kosa la mtu."

"Najua, kaka. Mwanzoni nilikuwa na uhakika niliweka dumu mlangoni kabisa, likagusa mbao. Nililiona vizuri. Lakini kila nikifikiria tena, naona giza tu. Hata hizo mbao sizioni tena." Akajaribu kucheka. "Mama ameshaanza kuficha viberiti. Anasema bora aanze mapema."

Redio moja kwenye rafu ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

Shangazi Nambua akamshika Nakijwa kiwiko. "Twendeni nyumbani," akasema. "Haya mambo ya kusaini tutayazungumza nyumbani."

Nakijwa hakuondoka. Aliitazama gemu, kioo chake cheusi kikimwonyesha uso wake mwenyewe. Alifikiria kwamba akinyamaza hadi mlangoni tu, basi; jambo litakuwa limekwisha. Mkunde atakwenda nyumbani, atakaa, ataangaliwa, na kila atakachosahau, kama watu wote wanavyosahau, kitahesabiwa. Alifikiria pia kwamba kaka yake atasikia. Kaka yake, aliyeuza msumeno.

"Mkunde," akasema. "Mbao ziliguswa."

"Nini?"

"Dumu lako liligusa mbao za mlango. Lilikuwa mlangoni kabisa. Ulikuwa wa kwanza."

"Nakijwa!" Shangazi akasema.

"Kichwa chako hakina ugonjwa wowote. Nililisogeza mimi. Nililishika kwa mikono hii miwili nikalirudisha nyuma, ulipouliza nikakudanganya, na miezi mitatu nimekutazama ukijiandika viganjani nikanyamaza. Na sikufanya kwa ajili ya mkono wa kaka. Kaka, nisamehe. Niliitaka mimi."

Haya, ninyi mliokaa hapa. Gemu iko mezani na Bwana Mfinanga ameinyoosha kalamu yake hewani, hajui aielekeze wapi. Yupo aliyeijua kabla ya wote, akaiba zamu, akasema. Yupo aliyeuza riziki yake kuilipia na hakujua lolote. Yupo aliyeilinda siku nzima kwa magoti mabovu, na kufuta ushahidi kwa kisigino. Na yupo mwenye dumu, ambaye siku ile hakulipa, ila leo ndiyo kwanza amerudishiwa akili yake, na huenda hiyo imemtosha, na huenda haijamtosha. Semeni ninyi: nani asaini?