Muhogo wa Siku Tatu

Hadithi inakuja, jamani, ipisheni ikae.

Zimwi liliwaletea watu wa Kilindima unga wa uchawi. Ukiunyunyiza shambani, muhogo hukomaa kwa siku tatu. Basi watu wakang'oa kunde, wakang'oa mtama, wakang'oa mchicha, wakala muhogo mtupu asubuhi, mchana na jioni.

Siwatu alimpigia kelele mumewe mpaka sauti ikamkauka. "Miguu imekuvimba, watoto wamepauka nywele, udongo umekuwa majivu! Huoni?"

"Mke wangu, si tumeshiba?" akajibu Mbaruku, akajilaza.

Siku moja zimwi likaja kuwala. Kwa miguu iliyovimba, hakuna aliyeweza kukimbia.

"Mmelainika vizuri," likacheka.

Siwatu akachoka na wote. "Onja kwanza walichokula," akasema, akilisogezea matenga ya muhogo.

Zimwi likala tenga la kwanza, la pili, la tatu. Likavimba, likaanguka, likashindwa kuinuka. Siwatu akalimaliza kwa panga.

Mbaruku akauliza, "Limebakisha muhogo?"

Siwatu akamtupia jembe na mbegu za kunde alizokuwa amezificha. "Inuka! Panda kwanza, ndipo tuongee habari za kula."

Nami niliwaacha huko shambani, Mbaruku akilalamikia mgongo.