Samaki wa Lugembe Walioacha Kukua

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, habari hii haipigiwi kelele. Mama mkwe wangu alipokuwa akiisimulia alinyamaza kwanza yeye mwenyewe, mpaka tukasikia chungu kikitokota jikoni. Tunyamaze basi kama yeye.

Mtu mmoja alikuwa na bwawa. Halikuwa lake kwa kulinunua. Kijiji kilimkabidhi alitunze, kwa sababu siku za kulichimba yeye ndiye aliyebeba udongo mpaka mwisho, wenzake wakiwa wamekwisha kukaa kivulini. Jina lake Lugembe. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache, na mkewe Nkwimba aliongea kwa niaba yao wote wawili.

Dagaa walikuwamo bwawani tangu mto ulipozibwa, hakuna aliyewaleta. Lakini kijiji kilitaka samaki mkubwa. Wakaenda mbali kwenye kituo cha vifaranga vya samaki, wakarudi na pipa moja la samaki chotara, baba wa aina hii na mama wa aina ile, wenye michirizi myeusi ubavuni iliyokatikakatika kama mstari wa mtu anayeandika huku anasinzia. Samaki hawa wana nguvu kuliko wazazi wao wote wawili. Ila bwawani hawazai. Aliyemo ni yule uliyemtia kwa mkono wako, na kazi yake ni moja tu, kukua.

Nao walikua. Mwaka wa tatu Lugembe alitoa mmoja mnene kama paja la mtu, wakampandisha kwenye mzani wa pamba, akavuta kilo saba. Wanawake walipiga vigelegele, na mzee mmoja akasema sasa hata wageni watatuheshimu. Toka hapo ikawa desturi. Kila mwaka pamba ikishauzwa, mzani hauondolewi uwanjani mpaka samaki wa Lugembe apimwe mbele ya watu wote. Hapo ndipo kijiji kilipoona kama bwawa linastahili maji yake, maana chini ya ukingo kulikuwa na majaruba ya mpunga, na wenye majaruba waliyatamani maji hayo. Mkubwa wao alikuwa Shilinde, mtu wa sauti nene na jembe begani.

Mwaka wa nne samaki alivuta kilo nne. Mwaka wa tano, mbili. Mwaka wa sita mshale wa mzani ulitikisika tu ukarudi ulikotoka. Samaki mwenyewe alikuwa kichwa kitupu, mwili umesinyaa nyuma yake kama mtoto aliyevishwa kofia ya babake.

"Mlinzi wetu," Shilinde aliuliza, "huyu ni samaki, au umetuletea mwiko wa ugali?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaacha kucheka, wakakata shauri. Mwakani, siku ya mzani, kama samaki hafiki kilo tano, mlango wa bwawa utafunguliwa na maji yote yashuke kwenye mpunga. Lugembe aliinama akamwokota samaki wake. Udongo aliobeba ujana wake wote ulikuwa ukingoni pale, na sasa wangeubomoa kwa asubuhi moja.

Si kwamba alikuwa amelala. Kila walipopungua ukubwa, yeye aliongeza mapipa. Pipa moja likawa matatu, matatu yakawa sita. Alisema moyoni kwamba wakiwa wengi, hakosi kutokea mmoja mkubwa. Na kila asubuhi Nkwimba na wanawake wenzake waliingia kwenye ghuba ya majani, pale maji yanapofika magotini, wakakokota dagaa kwa nyavu na kuwaanika juu ya mawe. Dagaa walipoadimika, wakashona nyavu za matundu madogo zaidi. Hakuna aliyeyaweka mambo haya mawili pamoja. Dagaa walikuwa kitoweo, na samaki mkubwa alikuwa heshima ya kijiji. Nani angefikiri kwamba kitoweo na heshima vinajuana?

Siku ile ya aibu Lugembe alifika nyumbani jua likiwa la utosi. Alikaa kwenye kigoda, akawekewa ugali na dagaa. Nkwimba alichukua yule samaki wa mzani akampasua. Kisu kilipofika tumboni akasimama. Mlikuwa na nyuzi tatu za majani, na kimkia cha samaki wa aina yake mwenyewe, mdogo wake aliyeletwa kwenye pipa lililofuata. Hakuna kingine. Akavichukua kwenye kiganja, akaja navyo mpaka mbele ya mumewe.

"Baba Kabula," alisema, "tumesingizia maji, tumesingizia wachawi. Chakula cha huyu ni hicho unachokula wewe."

Tonge lilikuwa mkononi mwa Lugembe. Hakulipeleka mdomoni, wala hakulirudisha sahanini. Lilipoa pale pale vidoleni. Nanyi mwangalieni vizuri aliyesema. Alisema huku mikono yake inanuka dagaa, na wavu wake mwenyewe unakauka mlangoni.

Kesho yake Lugembe alisimama mbele ya watu, yeye ambaye hakuzoea kusimama. Aliomba mambo matatu. Pipa lisiletwe mwaka huu. Ghuba ya majani isiguswe, dagaa wazaane. Na kiangazi kikikolea, pale maji ya juu yanapokuwa moto na ya chini hayana pumzi, na samaki wamebanwa katikati, mtu asitupe ndoana, maana hata ukimrudisha majini siku hizo huzama amekufa.

"Mlinzi wa samaki anakataa samaki!" Shilinde alisema. "Tumwache. Mwaka ni mfupi, na jembe langu halina haraka."

Mama mmoja jirani, jina lake Holo, aliuliza, "Tutatowelea nini, mawe?" Hapo Lugembe aligeuka akashuka bwawani. Aliingia kwenye mtumbwi wake na kuanza kuwavua wale wembamba, wale wale aliowamimina kwa mkono wake, akawagawa nyumba kwa nyumba. Walikuwa miiba mingi na nyama kidogo, lakini palitokota kitu chunguni. Kila aliyemtoa alimuuma, maana alikumbuka siku alipowaomba kituoni. Alivua hivyo wiki nzima na nyingine, mpaka bwawa likapata nafasi ya kupumua.

Hata hivyo njaa ya dagaa ni njaa ya kweli. Asubuhi moja Holo alishuka ghubani na wavu wake. Alimkuta Nkwimba ameketi kwenye jiwe.

"Umekuja kunikamata?" Holo aliuliza.

"Nikukamate na nini, dada? Na mimi nimekuja kuwaangalia tu. Nawatamani mpaka mate yananijaa."

Holo alicheka, akaukunja wavu. Wakaenda pamoja kuchuma mlenda. Ndivyo mwaka ule ulivyopita, mlenda leo, kunde kesho, na masikitiko mengi. Lakini masika yalipokatika, mtu akipita ukingoni mchana aliona uso wa ghuba ukichezacheza kama unaponyeshewa, na mbingu ni kavu. Walikuwa dagaa. Halafu ghafla waliruka wote kwa pamoja, na nyuma yao maji yakafunguka kwa kishindo. Lugembe alikisikia kishindo hicho mara ya kwanza akiwa peke yake, na hakumwambia mtu. Aliogopa kukitaja.

Pamba ikauzwa. Siku ya mzani ikafika. Tangu kunakucha Lugembe alitupa ndoana na kuvuta maji matupu. Jua lilipanda, watu wakachoka, wengine wakaanza kutazama mlango wa bwawa. Shilinde alikuwa amesimama kando yake, jembe tayari.

"Hebu nipe na mimi hiyo kamba," alisema, "nipate kusema kwamba nilivua hapa kabla hapajawa shamba."

Lugembe alimpa. Shilinde alitupa vibaya, kama mtu anayetupa jiwe kumfukuza mbuzi. Chambo kikaangukia mdomoni mwa ghuba. Hakikuzama. Kamba ilikazika ikalia, na Shilinde akapiga hatua tatu ambazo hakukusudia kuzipiga, akawa majini mpaka kiunoni.

"Lugembe! Lugembe wee! Ananichukua!"

"Mlegezee," Lugembe alisema. "Mwache aende. Akichoka, mrudishe polepole."

Walihangaika naye mpaka kivuli cha mtu kikahama. Shilinde alivuta, akalegeza, akatukana, akaomba radhi. Walipompandisha samaki mzanini, mshale ulipita tano, ukapita saba, ukatulia kwenye kilo tisa. Hakuna aliyepiga vigelegele mara moja. Watu walimgeukia Shilinde wasikie atasema nini juu ya mlango wa bwawa. Alikuwa anadondosha maji, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Aliinama akachukua jembe lake, akaliweka begani, akaenda nyumbani kwake na mguu mmoja peku. Hapo ndipo vigelegele vilipoanza, na wa kwanza alikuwa Nkwimba.

Mwaka uliofuata walileta pipa moja, si zaidi. Lugembe aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, akafa kitandani kwake, wakamzika mahali ambapo ukingo unaonekana. Mtumbwi na ulinzi wa bwawa vilirithiwa na binti yake Kabula. Watu walinung'unika kwamba ni mwanamke, kisha wakazoea. Holo alirithi wavu wa Nkwimba, akaukata vipande, akafunikia miche yake ya nyanya kuku wasiifikie. Shilinde alirithi kazi ya kusoma mzani, na hakuna mwaka aliokosa kusimulia jinsi alivyovutwa. Dagaa walirithi ghuba ya majani. Na nyinyi mnaolalamika kila siku kwamba mtu wa nyumbani mwenu hakui, mmemwachia nini?