Siku Kiboko Alipoziba Mto kwa Tumbo Lake

Paukwa!
Pakawa!
Wa mbele mnasikia?
Tunasikia!
Na nyie wa nyuma?
Hatusikii!
Haya, basi ngano hii ni yenu hasa.

Alikuwepo Kiboko, tumbo kubwa, roho ndogo. Akataka kuziba mto ili maji yote yawe bwawa lake. Lakini Mfalme Simba alishatoa amri: mto hauguswi mpaka wote wanaoutumia waulizwe.

Kiboko akaita mkutano huko juu, mto unakotokea, akamwaga miwa. Wakaja nyani, wakala. Wakaja nguruwe, wakala. Kila aliyekula akakanyaga tope, aache unyayo wa mahudhurio. Nyayo zilipojaa, Kiboko akamwita Simba aje azione.

"Mfalme, wote wamekubali!"

Wote? Chura alikuwa pale. Wanawe, viluwiluwi mia na ushei, walikuwa chini, mto unakoteremkia, katika dimbwi la mama mkwe wa Kiboko. Hawakuwa na miguu ya kuhama, wala ya kukanyaga tope.

"Bwana Kiboko," akasema, "nyayo za wala miwa naziona. Za watu wa chini mbona sizioni?"

"Watu wa chini sauti zao hazifiki huku."

Chura akamsogelea. "Kweli, bwana mkubwa. Basi tupime kwanza. Jilaze chali hapa mtoni, tuone maji yatakavyotulia. Nani mwingine ana tumbo la kazi hii?"

Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe. Simba akasema, "Pimeni." Kiboko akajilaza, puu!

"Hata tone halipiti!" akasema Chura.

"Halipiti!" akasema Kiboko, akatanua tumbo.

Jua likapanda.

"Hata tone halipiti!"

"Halipiti..." Kiboko akasinzia, khoro, khoro. Chura hakusinzia. Aliwaza dimbwi linavyopungua, akaogopa kwamba amewaua wanawe kwa ujanja wake mwenyewe.

Mara, ndi! ndi! ndi! Mama mkwe huyo, tope limemkaukia mgongoni.

"Nani amenikatia maji?"

Kiboko akafumbua jicho. Lahaula! Kwao hata kula mbele ya mama mkwe ni aibu, sembuse kulala chali tumbo wazi. Akakurupuka, na maji, bwaaa! yakateremka.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini.

"Mimi uliniuliza lini?"

Simba akazifuta nyayo zote. "Mkutano unaanza upya, chini ya mto. Na miwa usilete."

Chura akateremka na maji yale yale, chubwi! Akawakuta viluwiluwi wake wote, wanapiga mikia kwenye tope lililobaki, maji yakiwafunika tena. Alifurahi, akaimba hata sauti ikamkauka.

Ngano yangu imeteremka na maji, aliye chini aikinge. Na fundisho lake ni hili: kuuliza watu wote ni kupoteza muda. Muulize mama mkwe tu.