Pilipili Iliyomliza Bwana Msabaha

Ngwali alikuwa mpishi, kwa maneno yake mwenyewe. Wengine hawakuwa na hakika.

Siku moja aliitwa na tajiri Msabaha, mtu aliyejigamba kwamba hakuna pilipili iliyowahi kumtoa chozi.

"Nipikie kwa pilipili ya unga," alisema Msabaha. "Ukiniliza, shamba langu la bondeni ni lako. Ukishindwa, utanipikia mwaka mzima bila ujira."

"Nikikupikia mwaka mzima, Bwana, utalia tu," alijibu Ngwali.

Alitwanga pilipili kavu mpaka akapiga chafya ishirini na machozi yakamlowesha kanzu. Mkewe akamuuliza, "Mbona unalia peke yako, mume wangu, na mlaji hajaonja?"

Msabaha alikula mchuzi wote mbele ya majirani. Jasho lilimchuruzika, lakini macho yalibaki makavu.

"Hii ni pilipili au ubuyu?" alicheka.

Ngwali aliinamisha kichwa. "Nimeshindwa, Bwana. Tangu lini mimi nikajua kupika? Haya, jifute jasho tuanze huo mwaka." Akampa kitambaa kwa mikono miwili.

Msabaha alijifuta paji la uso, akashuka machoni. Papo hapo aliruka, akalia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Umenitilia nini?"

"Pilipili ileile, Bwana. Mchuzi wangu hata mimi siuamini, ndiyo maana nyingine niliipaka kwenye kitambaa."

Majirani walishuhudia, na shamba Ngwali akalipata. Kupika hakujifunza.