Koti la Kufungwa Mgongoni

"Blanketi langu umeivisha pikipiki?"

"Dada, isipofunikwa haiwaki asubuhi. Jana nimepiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi."

"Na mimi je?"

"Nilidhani unalo lingine."

"Ninalo wapi? Nimelala na khanga mbili na gunia la viazi. Pikipiki yako imelala kama bibi harusi."

"Gunia nalo lina joto lake."

"Basi ivishe hilo gunia, tuone kama itawaka."

Ndugu zangu, mnacheka, na hata wao wawili walikuwa karibu kucheka. Laiti wangecheka, nisingekuwa na mfano wa kuwapa leo.

Hao walikuwa dada na mdogo wake wa kiume. Waliishi nyumba moja kule milimani, mahali ambapo mwezi wa saba umande huganda juu ya majani ya viazi, ukawa mweupe kama chumvi. Mama yao alifariki wakiwa wadogo. Dada ndiye aliyemlea huyu mdogo, akamwogesha, akampikia, mpaka akawa mwanamume mwenye ndevu, dereva wa bodaboda.

Na baridi ya pikipiki mnaijua. Ukiwa umesimama, baridi inakugusa tu. Ukiwa kwenye pikipiki inakutafuta, inaingia kwenye mkono wa shati, inaingia shingoni. Kwa hiyo kila asubuhi yule kijana alijipanga kama askari. Gazeti kifuani, chini ya sweta. Mifuko ya nailoni juu ya soksi, ndipo mabuti. Na juu ya yote koti zito la mtumba, akilivaa mbele nyuma. Mmewaona madereva wetu wanavyofanya. Koti likivaliwa kawaida, upepo na manyunyu hupenya kati ya kifungo na kifungo mpaka kwenye mapafu. Likigeuzwa, kifua kinapata ukuta. Lakini koti la namna hiyo lina shida moja. Vifungo viko mgongoni. Nani kati yenu ana mikono ya kufika huko?

Zipu ya koti lile ilikuwa imekufa siku nyingi. Dada alikuwa ameshona vifungo vitano vikubwa vyeusi, alivyovitoa kwenye sweta la marehemu mama yao. Kila asubuhi kijana alisimama mlangoni, akampa dada mgongo, naye dada akafunga kuanzia chini kupanda juu. Hawakuwa wakisema neno la maana wakati huo. "Simama vizuri." "Haya." Basi, akaondoka.

Siku ya ugomvi wa blanketi, dada alikuwa amefika kifungo cha pili, bado anasema.

"Nimekulea mpaka ndevu zimeota, akili ndiyo haijaota."

"Na wewe unanifunga kama mtoto. Wewe si mama yangu."

Mikono ya dada ikasimama. Alivifungua vile vifungo viwili alivyokwisha kuvifunga, kimoja kimoja, akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Jifunge mwenyewe."

Kijana akalivua koti, akaligeuza, akalivaa kama watu wengine wanavyovaa. Akafunga vyote vitano mwenyewe, mbele ya macho ya dada.

"Umeona?"

"Nimeona."

Jioni alirudi ameloa. Gazeti lilikuwa limegandamana na kifua chake, na vidole vilishindwa kushika sikio la kikombe. Alishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Dada aliona. Alichemsha maji, akayaweka kwenye beseni mlangoni pa chumba cha mdogo wake, akaondoka bila neno. Mdogo akaosha miguu bila neno. Mnauliza kwa nini hakuwaomba wenzake wa kijiweni wamfunge? Angewaomba, wangemuuliza, "Leo dada amegoma?" Akaona afadhali baridi kuliko swali hilo. Na sisi wangapi tumechagua baridi?

Usiku wa pili dada alikuta blanketi lake juu ya kitanda, limekunjwa vizuri, na pikipiki nje imefunikwa gunia. Alilichukua blanketi, akajifunika. Hakusema asante. Alikuwa anangoja neno moja tu, kwa sababu lile alilotupiwa lilikuwa bado linamchoma. Je, alikuwa na haki ya kulingoja? Alikuwa nayo. Mimi siwezi kusimama hapa nikasema hakuwa nayo. Kijana ndiye aliyekosa.

Asubuhi ya nne mvua ndogo ilikuwa inanyesha, ile isiyo na sauti, na ukungu umefunika mipaina. Dada alikuwa mekoni anakoroga uji. Akasikia mabuti yakija, yakasimama mlangoni. Akainua macho.

Mdogo wake alikuwa amevaa koti mbele nyuma. Alikuwa amesimama pale, amempa mgongo. Koti liko wazi nyuma, sweta linaonekana, vifungo vitano vinaning'inia. Alisimama tu, kichwa ameinamisha kidogo, kama alivyokuwa akisimama siku zote.

Dada alielewa. Nyie mnaelewa, hata yeye alielewa. Kuna watu neno "samahani" haliwatoki mdomoni, linawatoka mgongoni. Lakini alijiambia moyoni, safari hii atalisema. Nimenyamaza siku tatu, sitakubali kununuliwa kwa mgongo. Akarudisha macho kwenye chungu.

"Uji bado," akasema.

Kijana alingoja. Dada anasema alingoja muda ambao ungetosha kufunga vifungo vitano na kuvifungua tena. Halafu mabuti yakaondoka, pikipiki ikapigwa kiki mara nne, ikawaka.

Kabla ya saa sita mchana madereva watatu waliingia uani kwa miguu. Wa mbele alikuwa anasukuma pikipiki iliyopinda usukani. Wa nyuma alikuwa amebeba koti mikononi, lina matope.

Ilikuwa kwenye kona ya kuteremkia mtoni. Siwezi kuwaambia kwamba vifungo ndivyo vilivyomwua. Barabara ilikuwa na utelezi, na watu waliofungwa vizuri nao huanguka. Inawezekana vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vikashindwa kuvuta breki. Inawezekana hata angekuwa na joto lote la dunia angeanguka palepale. Dada hajui. Hatajua. Na kutojua huko ndiko analala nako sasa, chini ya blanketi lake.

Ndugu zangu, sisi tuliomo humu tunavaa koti la namna hiyo. Tunajua kujifunga mbele. Tumejifunga kwa kazi, kwa maneno makali, kwa kusema "sina shida na mtu". Watu wanatuona tumefunga vifungo vyote, wakati baridi inapita katikati na kutufikia moyoni. Kifungo kinachozuia upepo kiko mahali ambapo mkono wangu haufiki. Unafika mkono wako. Mungu ametuumba hivyo, na tukikasirika tunasahau.

Muda mfupi uliopita tumepeana mikono ya amani. Niliwaona. Mlivuka benchi mbili kumpa mkono mgeni, mkampita mliyekuja naye kutoka nyumba moja. Mimi pia nimempita mtu. Tunangoja aseme kwanza. Lakini labda ameshasema. Labda amerudisha blanketi. Labda leo asubuhi alisimama mbele yako kimya, muda mrefu kuliko kawaida, nawe ukamwambia uji bado. Tutangoja neno mpaka lini, na mtu amesimama mlangoni na mgongo wazi?

Siku ya maziko wanaume walibeba jeneza kulitoa ndani. Mlango wa nyumba ile ni mwembamba, ikabidi wasimame kidogo walisawazishe. Dada alikuwa ameketi na wanawake. Akainuka, nao wakadhani anataka kulia, wakamshika. Hakulia. Aliuweka mkono juu ya jeneza, pale mlangoni, akasema taratibu kama mtu asiyetaka kumchelewesha mwenzake kazini:

"Geuka, mdogo wangu, nikufunge."