Sauti ya Bi Mwanamwema

Akiba haiozi, walisema wahenga, wala hawakukusudia mchele peke yake. Mwenye busara huweka kitu kando leo, achekwe asichekwe, kwa sababu kesho haipigi hodi.

Mansour wa Jang'ombe alikuwa miongoni mwa wachekaji. Ndani ya kompyuta yake ya nyumbani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, Bi Mwanamwema, akisimulia hadithi za kwao Tumbatu. Bibi huyo alifariki wakati Shadya, binti wa Mansour, angali tumboni. Tangu mazikoni Mansour hakupata moyo wa kuisikiliza. "Shadya akipata akili tutamsikiliza sote," alikuwa akisema.

Mkewe, Tabia, alinunua diski mbili madhubuti, akazikataa katakata zile za bei ya kutupa zinazotembezwa njiani. Kila mwezi alitoa nakala ya yote yaliyomo kwenye kompyuta. Diski moja ilikaa nyumbani. Ya pili ilitiwa kwenye kikapu cha chakula hadi Kidichi kwa mdogo wake, Yusra, na kikapu kikarudi na ile ya mwezi uliopita, inanukia mdalasini.

"Ala! Diski nayo inakwenda kula biriani?" Mansour alicheka. "Nakala moja hapa haitoshi?"

"Baba Shadya, ufunguo wa akiba hautundikwi mlangoni. Wewe cheka tu."

Masika yakaja kwa kishindo. Mchana mmoja maji yaliingia nyumba kwa nyumba, yakafika magotini. Kompyuta iliyokuwa sakafuni ilizama, na diski iliyokuwa kwenye droo ya chini nayo ikazama. Fundi Ubwa alizifungua, akamwaga maji machafu, akatikisa kichwa.

"Hapa hamna kitu, kaka. Mshukuruni Mungu nyinyi mu wazima."

Mansour alikaa kizingitini akalia kwa kwikwi, kikapu cha Kidichi kimemtoka akilini. "Nimemzika mama mara ya pili," alisema.

Tabia hakumsuta. Alimshika mkono, akamchukua na Shadya, wakenda Kidichi. Yusra aliitoa diski kabatini akaiunganisha na kompyuta yake. Kwanza kimya. Kisha ukumbi ukajaa sauti ya kizee, yenye kukwaruza kidogo.

"We Mansour, hicho kidude chako kinanisikia kweli?"

Subhanallah! Miaka minne yumo kaburini, na hata pumzi zake zinasikika! Mansour alisogea karibu na kompyuta. Maneno yaliyofuata hata yeye hakuwa akiyajua, kwani siku ile aliiacha mashine ikirekodi akenda kusali.

"Na wewe ulo tumboni mwa Tabia," sauti iliendelea, taratibu, "miye najua hatutaonana. Lakini wazee wako wana adabu, watakufunza kuniamkia. Basi miye nshakuitikia kabisa: marahaba, mjukuu wangu."

Shadya alisimama wima mbele ya kompyuta, mikono ameibana kifuani.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Mansour alimgeukia mkewe. Alimwinamia akambusu mkono, yeye aliyemcheka miaka yote. Wallahi, akiba haiozi.